Chokaa Mlangoni kwa Nguruwe Wangu

Kule ukweni Isongole kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mashamba ya viazi yalikuwa ya baba mkwe. Ng'ombe wawili na jogoo walikuwa wa baba mkwe. Jiko lilikuwa la mama mkwe, na ukihamisha sufuria moja bila kumwambia, ungedhani umehamisha mpaka wa nchi. Hata mimi nilikuwa na mwenyewe, maana mahari ilishafika kwetu, na mwenyewe huyo alikuwa Chunya akichimba dhahabu ambayo mpaka leo sijaiona.

Kitu changu kilikuwa kimoja tu: nguruwe jike. Nilimnunua mwenyewe kwa hela ya kusuka watu nywele, nikamleta nyumbani ndani ya kikapu akipiga kelele njia nzima. Nikamlea kwa maganda ya viazi na pumba mpaka akawa mnene kiasi kwamba akijilaza, mbao za banda zinalia. Lakini mtu akipita na kuuliza, "Huyu mkubwa hivi wa nani?" mama mkwe alijibu haraka, "Wa hapa nyumbani." Na "wa hapa nyumbani" kwa lugha ya nyumba ile maana yake ni wa mzee. Mimi nilikuwa mtu wa kumzolea mavi.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na mimba kubwa, zimebaki wiki nne hivi azae, na mimi nilishapanga kila mtoto atakwenda wapi. Ndipo homa ya nguruwe ikaingia.

Kwa asiyeifahamu, homa ya nguruwe ni ugonjwa wa virusi usio na adabu. Asubuhi nguruwe anakataa kula, kesho masikio yamekuwa mekundu, siku chache mbele unachimba shimo. Haina dawa, wala chanjo hatukuwa nayo. Binadamu haimpati, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mtu akiona masikio ya nguruwe wake yanageuka rangi hakuchimba shimo, alinoa kisu. Wiki mbili zile kitimoto ilijaa wilaya nzima. Watu waliokuwa wanaonja nyama Krismasi na Pasaka walikula mpaka wakaanza kuchagua vipande. Na kila mfupa, kila tone la damu kwenye buti, lilitembea na virusi kwenda kwa nguruwe mwingine.

Kila mtu akawa daktari. Vijana wa bodaboda walisoma kwenye simu kwamba kuna madini yanaua virusi kwa kuyagusa tu, na shaba ni mojawapo. Jirani yetu mmoja akavua nyaya za redio mbovu, akazichuna, akamsokotea dume lake mkufu wa shaba. Likapendeza kweli. Likafa siku ya tano likiwa limevaa mkufu wake. Baadaye nimekuja kujua kwamba vijana hawakusema uongo, shaba inaviua virusi vinavyoigusa. Tatizo ni kwamba virusi vya dume lile viliingia kwa mdomo, havikupita kwenye mkufu kuomba ruhusa.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akasimama barabarani, hakutaka hata kuvuka mfereji wetu. Akapaza sauti kama anatangaza mnada. Mlangoni mwa banda wekeni chokaa, kila anayeingia akanyage. Makombo ya chakula cha watu msiwape nguruwe kabisa. Na mgeni yeyote asisogee bandani. Mama mkwe alimsikiliza mikono kiunoni. Kwake yeye mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa alikuwa anaambiwa na mtoto mdogo mwenye kofia kwamba mgeni ndiye anayeleta kifo.

"Na Mzee je?" akauliza.

"Mzee naye ni mgeni, mama."

"Mzee ni mgeni kwake!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilikwenda stoo ya viazi, kulikuwa na mfuko wa chokaa ile ya kumwaga shambani udongo ukiwa umechacha. Nikajaza karai, nikaliweka mlangoni mwa banda, nikasimama kando nikijiona Waziri wa Afya. Kila asubuhi nilikanyaga chokaa kabla ya kuingia, nikakanyaga nikitoka. Kuku nao walikanyaga bila kulazimishwa. Mtu mmoja tu hakukanyaga, na huyo ndiye aliyekuwa anaingia mara nyingi kuliko wote.

Lazima nieleze hapa. Sisi Wanyakyusa tuna desturi ya mkamwana kumwogopa baba mkwe. Simaanishi kumwogopa kwa sababu ni mkali. Humtazami usoni, huzungumzi naye, hupiti mbele yake. Mkikutana njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite, na yeye anageuza uso pembeni akusaidie kujificha. Siku hizi imelegea. Mjini Tukuyu nimeona mkamwana na baba mkwe wake wanagombea rimoti ya televisheni. Lakini baba mkwe wangu hakuwa amelegea kitu chochote. Miaka minne niliyokaa pale nilimfahamu kwa kikohozi, kwa fimbo na kwa visigino.

Sasa mzee huyo alikuwa anampenda nguruwe wangu. Hakuwahi kusema, ila kila siku akitoka matembezini alipitia bandani, akaingia, akamkuna mgongo kwa ncha ya fimbo, huku akimsemesha Kinyakyusa kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa binadamu. Na matembezi yenyewe yalikuwa ya wapi? Misibani, na kila nyumba iliyokuwa imechinja. Alikuwa na gambuti nyeusi zilizokanyaga damu ya nusu ya nguruwe wa kata. Akifika kwenye karai langu la chokaa aliinua mguu juu, akaliruka taratibu. Alidhani ni unga wa mkamwana umeanikwa, na si heshima kukanyaga unga wa mkamwana.

Nikamwomba mama mkwe amwambie. Mama mkwe akaitikia vizuri, akasogea nje, nami nikabana nyuma ya mlango nisikilize.

"Mzee," akasema, "mkamwana anakusalimu sana, fijo."

"Ndaga," akashukuru mzee.

Basi. Ujumbe uliishia hapo. Nilipomuuliza mbona hukumwambia habari ya chokaa, akaniangalia kwa huruma. "Mwe, mwanangu, nitamwambiaje mume wangu kwamba mkamwana anasema ana miguu michafu?"

Nikajaribu njia ya pili, ambayo wanawake wetu wameitumia tangu zamani: unaongea na kitu kingine ili mtu asikie. Mzee akiwa bandani, mimi nyuma ya ukuta wa jiko, nikapaza sauti nikimwambia kuku: "Wewe kuku! Hapo mlangoni kuna dawa! Kila mwenye miguu akanyage!"  Kisha nikasikia sauti ya mzee ikimwambia nguruwe, kwa masikitiko, kwamba mkamwana amekaa muda mrefu bila mume, ameanza kuongea na kuku.

Chokaa ikapungua, nikapanda bodaboda hadi Tukuyu kutafuta nyingine. Nilichukua na kiganja cha ile ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, ili nipewe inayofanana. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mzee Mwislamu ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani na mizigo ya biashara, wakaipenda baridi, au labda walikosa nauli ya kurudi. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapaka nyumba?"

"Hapana. Nataka ya kuua virusi. Ya mlangoni kwa..." Nikasita. Sikutaka kumtajia mnyama yule dukani kwake.

"Kwa kuku," akasema yeye.

"Kuku mkubwa," nikasema. "Ana mimba."

"Nimeelewa kuku gani." Akanyoosha mkono nimpe mfuko wangu. Alimwaga ile chokaa yangu kwenye kifuniko cha rangi, akaidondoshea maji. Ikalowa, basi, kama ugali ulioharibika. Akaishika kwa kidole, akaisugua kwenye kiganja chake bila wasiwasi.

"Hii umetumia muda gani?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili umekuwa ukikanyaga jiwe. Hii ni jiwe limesagwa tu, halijapita motoni. Kwa viazi ni nzuri sana. Kwa kirusi ni zulia."

Akaenda nyuma, akarudi na bonge moja jeupe, akaliweka kwenye ndoo ya bati, akaniambia nirudi nyuma. Akamwaga maji. Kwanza halikufanya kitu. Kisha likapasuka, likafoka, moshi mweupe ukapanda, na ndoo ikaanza kuchemka bila moto chini yake. Wateja wawili waliruka wakatoka nje. Mzee akakaa anaangalia kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuona mchezo ule mara mia lakini bado unamfurahisha.

"Hili limechomwa kwenye tanuri," akasema. "Moto umeingia ndani yake ukabaki. Ukilipa maji, linaamka. Kirusi kikiligusa kinaungua, na ngozi yako ikiligusa inaungua vilevile, kwa hiyo usijifanye jasiri. Nitakupa ile iliyokwisha kuzimwa, ni unga, ikoroge iwe nzito kama uji. Na ubadilishe mara kwa mara. Ikikaa na hewa siku nyingi inapoa, inarudi kuwa jiwe."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilimkasirikia bwana mifugo aliyesema "chokaa" akaondoka na pikipiki yake. Nilijikasirikia mimi niliyejiita Waziri. Wiki mbili nguruwe wangu alikuwa amelindwa na zulia, na kama alikuwa bado mzima ilikuwa ni bahati tu. Nilifika nikatupa lile karai. Nikalichukua tairi la lori lililopasuliwa katikati, lile tulilonyweshea ng'ombe, nikalitandaza mlango mzima ili mtu hata awe na miguu ya korongo asiweze kuliruka. Nikakoroga chokaa mpya kwa mti, uso nimeufunga kanga. Nikapaka ukuta wa banda ndani na nje. Mama mkwe akapita akasema nyumba ya watu haijapakwa tangu kifo cha bibi, lakini ya nguruwe inang'aa.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mama mkwe alikuwa kanisani, kwaya yao inaimba mpaka Mungu mwenyewe achoke. Nilikuwa peke yangu namenya viazi niliposikia bodaboda inasimama barabarani, halafu kile kikohozi. Baba mkwe alikuwa anarudi kutoka msibani Matwebe. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine ndoo yenye mfuniko, na ameinama upande kwa uzito wake.

Sikuhitaji kuambiwa ndani kuna nini. Ni ubwabwa uliobaki, ugali, na mifupa. Mzee wa watu alikuwa amekaa na ndoo ile katikati ya magoti kwenye pikipiki, kilomita zote zile za makorongo, kumletea nguruwe mwenye mimba zawadi ya msiba. Na msiba wa wiki ile haukuwa na nyama nyingine isipokuwa ya nguruwe waliochinjwa masikio yakiwa mekundu.

Nikakohoa. Nikagonga sufuria kwa mwiko. Kosa kubwa! Kwa desturi yetu, mkamwana akigonga kitu maana yake ni, "Mzee, niko hapa, nisaidie tusionane." Mzee, kwa adabu yake yote, akageuza uso upande wa pili na kuongeza mwendo. Upande wa pili ndiko banda lilikokuwa. Nikatoka nje nikakimbia. Aliposikia nyayo zangu akajikinga kwa kofia, akakimbia naye. Majirani wangetuona wangedhani tunashindana. Kadiri nilivyomkaribia ndivyo alivyonikimbia kwa heshima, moja kwa moja kuelekea kwa nguruwe wangu.

Nikampita. Nikaingia mlangoni mwa banda, nikasimama ndani ya lile tairi, chokaa imenifika juu ya kifundo cha gambuti, nikanyoosha mikono pande zote mbili.

"Tata! Baba, simama!"

Akasimama. Kofia ikashuka. Nikamtazama usoni.

Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya upande wa kushoto. Macho yake yalikuwa ya kahawia, yamezungukwa na utepe wa kijivu kama ilivyo kwa wazee. Mume wangu ana macho yaleyale na mimi sikujua ameyatoa wapi.  Nilijua nimevunja kitu ambacho mama yangu aliniusia siku ya kuondoka kwetu, na bado mdomo haukunyamaza.

"Ndoo hiyo ina mifupa ya wagonjwa. Nguruwe wangu akiila, anakufa na watoto wake wote tumboni. Usiingie. Na hata bila ndoo, usiingie kabla hujakanyaga hapa."

 Mzee aliiweka ndoo chini polepole. Akavaa kofia mpaka puani, akageuka, akatembea akagonga mti wa parachichi, akaurekebisha mwendo, akaenda zake. Nikachimba shimo, nikafukia kila kilichokuwa kwenye ndoo, nikamwaga chokaa juu. Nilisahau glovu na mkono wa kulia ukababuka. Nilistahili.

Habari ilifika Chunya kabla sijanawa. Mume wangu, ambaye simu yake huwa haina chaji ikitakiwa hela ya mbolea, siku hiyo chaji ilikuwepo. "Umemtazama baba?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba ana macho mazuri. Akakata.

Mzee hakuja bandani siku iliyofuata, wala iliyofuata tena. Mama mkwe alinisemesha kwa kichwa tu. Wala sikuwa na nafasi ya kuona aibu vizuri, kwa sababu kila alfajiri nilikuwa bandani nashika masikio ya nguruwe, nikiyageuza kwenye mwanga kutafuta wekundu. Nilikuwa sijui zile gambuti zilikuwa zimeleta nini kabla ya tairi. Asubuhi ya tisa tangu niliweke tairi, nguruwe akakataa kula. Nilimwekea pumba, akazinusa, akageuza kichwa. Nikakaa palepale kwenye nyasi zake nikalia kwa sauti, nikamtukana bwana mifugo, nikaitukana misiba yote ya Rungwe, nikamwambia yule mnyama kwamba kama anataka kufa afe, nimechoka kupenda kitu ambacho kila mtu anasema si changu.

Yeye akainuka, akaanza kukusanya nyasi kwa mdomo, akizirundika kona. Nyasi zingine alizivuta chini ya makalio yangu. Ndipo nilipoelewa kwamba haumwi. Alizaa kumi na moja mchana ule, mmoja akafa, kumi wakashika chuchu na kuanza kupigana kama ndugu wa kweli.

Jumamosi yake wazee wawili wa ukoo walikuja kuhukumu kesi yangu. Walikaa sebuleni na baba mkwe, mama mkwe karibu na mlango, na mimi jikoni ng'ambo ya ukuta wa mbao, maana mshitakiwa hapaswi kuonekana na aliyemkosea. Nilisikia kila neno. Mkubwa wao akasema desturi inajulikana, mkamwana aliyemtazama baba mkwe usoni analipa faini ya kumtuliza. Alipe kuku.

"Kuku wa nani?" ikauliza sauti ya baba mkwe. "Mitetea ni wa mke wangu. Jogoo ni wangu. Nijilipe mwenyewe?"

Mwingine akasema basi alipe debe la viazi.

"Viazi vyangu."

 Nilishika kingo za sinki la maji nikisubiri kusikia wakisema nirudishwe kwetu, kwa kuwa mtu asiye na kitu cha kulipa hana kitu cha kumweka pale.

"Atalipa mtoto wa nguruwe," akasema baba mkwe. "Akishaacha kunyonya."

"Lakini nguruwe si wa hapa nyumbani?" akauliza mkubwa. "Si ni wako huyo?"

"Angekuwa wangu ningeingia nikamlisha ninachotaka. Nimezuiliwa mlangoni." Akakohoa kile kikohozi chake. "Nguruwe ni wake."

Hakuna aliyebisha. Niliketi chini kwenye sakafu ya jiko, mkono wenye kidonda mdomoni, machozi yananitoka kwa kitu ambacho hata mahari haikunipa. Mlango ukafunguliwa, mama mkwe akasimama akiniangalia. Akauliza kama nimesikia hukumu.

Nikamwambia sikusikia vizuri, tafadhali amwombe mzee arudie.